Jina la mnyoo huanzia kwenye meza ya kupasulia

Mkiingia maabara mara ya kwanza, hamu yote huwa kwenye hadubini. Naielewa hamu hiyo, lakini mnyoo wa panya hupata nusu ya jina lake kabla ya kufika huko, pale tumbo linapofunguliwa. Minyoo minene, myeupe, iliyojikunja ndani ya mfuko wa chakula wa panya shamba, mshuku Protospirura. Myembamba yenye wekundu, iliyojisokota kama springi kwenye utumbo mwembamba, mara nyingi ni ya jamii ya Heligmonellidae. Ini lenye mabaka meupe likaguliwe mayai ya Calodium hepaticum, mnyoo wa ini ambao vitabu vya zamani huuita Capillaria hepatica.

Kwa hiyo kila kiungo kiwe na kisahani chake cha maji ya chumvi na kila kisahani kiwe na kichupa chake. Msimu wangu wa kwanza Morogoro nilichanganya minyoo ya tumbo na ya utumbo katika kichupa kimoja, nikaandika namba ya panya kwa kalamu ya wino, nje. Spiriti ikavuja, wino ukafutika. Panya kumi na mmoja walipotea hivyo, na wanyama hao walikuwa wameuawa kwa ajili ya kazi yangu. Andika kwa penseli, kwenye kikaratasi kigumu, ukitumbukize ndani.

Trichuris, minyoo yenye umbo la mjeledi, wanahitaji subira kuliko wote. Utawakuta kwenye sikamu, kile kifuko kilicho pale utumbo mwembamba unapokutana na utumbo mpana. Sehemu ya nyuma, iliyo nene, inaning'inia wazi, lakini ile ya mbele, nyembamba kama uzi, imeshonwa ndani ya utando. Ukivuta kwa kibano inakatika, nawe unabaki na mkia. Loweka kipande chote, kisha tenganisha utando taratibu kwa sindano mbili, chini ya lenzi. Umtafute dume: spikula yake, yaani kijisindano cha kujamiiana, na ala yake yenye vijimiba ndivyo vinavyotofautisha spishi. Yai lenye umbo la pipa na kizibo kila ncha litakwambia ni Trichuris, basi.

Kwa Heligmonellidae, hata dume mzima hatoshi. Ngozi yao ina matuta yanayokwenda kwa urefu wa mwili, yaitwayo sinlofe. Kata mnyoo katikati kwa wembe mpya, simamisha kile kipande chembamba kwenye laktofenoli, kimiminika kinachomfanya mnyoo aonyeshe ndani, uhesabu matuta na utazame yameelekea wapi. Vipande kumi vya kwanza utaviharibu. Endelea kukata, ila ukitumia minyoo uliyonayo kwa wingi.

Hifadhi wengine kwenye ethanoli ya asilimia 95 kwa ajili ya vinasaba. Fomalini huviharibu, na sampuli iliyokwisha kuloweshwa humo hairudi.

Halafu kuna panya mwenyewe. Mastomys na Praomys, jenasi mbili za panya, hufanana mno machoni, na jina la mwenyeji, yaani mnyama anayeishi na mnyoo ndani yake, likikosewa, orodha yako yote ya minyoo inapotoka. Kwa jike, hesabu chuchu: Mastomys anazo nyingi mno, hata zaidi ya ishirini. Dume hana msaada huo, kwa hiyo kabla hujatupa mzoga kata kipande cha sikio, ukitie kwenye ethanoli, na kikaratasi chake kiwe na namba ileile iliyo kwenye vichupa vya minyoo.