Misuli imepooza, imedhoofika au imesinyaa?

SWALI: Mimi ni muuguzi hapa Arua. Tunaandaa maelezo ya Kiswahili kwa majeruhi wa bodaboda wanaofunguliwa plasta. Niliandika "misuli ya paja imepooza", mwenzangu akafuta akaandika "imedhoofika". Nani yuko sahihi?

JIBU: Mwenzako amekaribia zaidi, ila neno mnalolitafuta ni "imesinyaa".

Kupooza ni kukosa mwendo. Kiungo kilichopooza hakisogei kwa sababu ubongo, uti wa mgongo au neva imeharibika. Huyo wa plasta mguu anausogeza, tatizo ni kwamba umekuwa mwembamba. Ukimwandikia kwamba umepooza unamtia hofu bure, na wapo watakaoacha mazoezi wakidhani mguu ndio umekwisha. Naomba sana neno hilo litoke.

Kudhoofika kunahusu nguvu. Mwenye ugonjwa wa miastenia hulegea, kope zikamwangukia kila jioni, na mara nyingi unene wa misuli yake haujapungua. Huyo amedhoofika, hajasinyaa.

Kusinyaa ni kwa kitu kilichokuwa kimejaa kikapungua. Chukua tepe ya fundi cherehani, pima mapaja yote mawili kwa umbali ule ule juu ya goti, na tofauti utaiona. Seli za msuli hazijafa. Kwa kukosa kazi zimevunja protini nyingi kuliko zinavyoijenga, zikawa ndogo. Ndiyo maana sipendi "kunyauka" hapa: jani lililonyauka likakauka halirudi, lakini msuli ukipewa kazi na chakula hurudi.

Polio inazitenganisha maana hizi vizuri. Virusi huua seli za neva kwenye uti wa mgongo, na mguu unapooza. Baadaye misuli isiyopata amri inasinyaa. Kama mgonjwa ni mtoto, mguu huo pia unadumaa, yaani haurefuki kama mwenzake. Hapo msuli ulionyimwa neva haurudi kirahisi kama wa plasta.

Viungo vya ndani navyo husinyaa: ubongo kwa ugonjwa wa Alzheimer, figo kwa shinikizo la damu la miaka mingi. Neno "kukonda" tuliache kwa mwili mzima, kama wilayani Rakai, hapa hapa Uganda, miaka ya 1980, UKIMWI ulipoitwa "slimu" kwa jinsi ulivyowamaliza watu mafuta na misuli pamoja.

Jambo moja la sarufi, maana hapa Uganda nalisikia kila mara: ni "misuli imesinyaa", si "misuli zimesinyaa". Na mgonjwa mkimkuta tayari amepungua, tumieni -me-. "Inasinyaa" ni kwa anayeendelea kupungua, na huyo anahitaji daktari amtafutie chanzo.

Kwenye karatasi yenu andikeni: "Misuli ya paja imesinyaa kwa kukaa bila kazi. Itajaa tena polepole ukifanya mazoezi uliyoelekezwa."