Wapagazi nao wapewe nafasi

Swali la wiki liliuliza kama makaburi ya kihistoria yageuzwe bustani za kupumzikia. Jibu langu la haraka ni hapana. Marehemu hakuzikwa ili maharusi waje kupigia picha juu yake.

Ila kilichonigusa zaidi ni namna makaburi yenyewe yanavyopangwa. Wa Dar mnayajua makaburi ya vita ya Barabara ya Bagamoyo, ingawa wengi tunayapita ndani ya daladala bila kugeuza shingo. Niliingia humo na mjomba wangu, fundi mwashi mstaafu. Akachuchumaa mwanzo wa safu, akafumba jicho moja, akapima. Hakuna jiwe lililotoka mstarini. Majani yamekatwa, maua yamepandwa kati ya mawe, na mawe yanafanana, awe ofisa au askari wa kawaida. Ndiyo kanuni ya tume ya Waingereza ya makaburi ya vita, iliyoundwa mwaka 1917: kaburi lisitofautishwe kwa cheo.

"Mpwa wangu," akasema, "nimejengea matajiri makaburi ya marumaru. Hapa bosi na kibarua wamelala sawa." Nilipomwambia kwamba makaburi hayo yalihamishwa kutoka Ocean Road mwaka 1968 kupisha barabara, akazidi kusifu: "Wamehamishwa, na kamba bado imenyooka!"

Tukaanza kusoma majina. Safu ya kwanza, ya pili, ya tatu. Mjomba akasimama. "Na wale wa Kariakoo wako wapi?"

Sikuwa na jibu. Soko zima la Kariakoo limebeba jina la kikosi chao, Carrier Corps, wapagazi waliobebea jeshi la Waingereza mizigo na waliokufa kwa maelfu kwa maradhi na njaa katika vita vya 1914 hadi 1918, na walio wengi hawana kaburi linalojulikana. Tume yenyewe ilikiri mwaka 2021 kwamba Waafrika hawakuenziwa sawa na wenzao. Kumbe usawa ule ulikuwa wa waliopewa jiwe tu.

Sasa naona nimeanza kulegea. Wakiingia wafiwa peke yao, nani atauliza swali la mjomba? Basi pale pawekwe mabenchi, watu waingie, wasome, wahesabu nani hayupo. Muziki hapana, vibanda vya chipsi hapana, na wapagazi wapewe sehemu yao humo humo, si nje ya ua. Makaburi ya Kinondoni msiguse, bado tunazika. Na picha za harusi bado nazikataa, labda maharusi wenyewe wawe wajukuu wa mpagazi.