Uliza kwanza uzito upo wapi: kwa wanaoanza kushika miguu ya Prado ya dizeli

Miguu ya gari, yaani amu, springi, shokapu na viungo vinavyoshika matairi, haina taa kwenye dashibodi. Injini ikisumbua unachomeka mashine, inakutajia namba, unaanzia hapo. Mguu ukilegea, ulichonacho ni maneno ya mteja: "Fundi, linagonga mbele kulia." Na mara nyingi hata huo upande anakosea, maana mlio husafiri kwenye chesisi ukatokea mbali na ulikoanzia. Ndiyo maana vijana wanaokuja kujifunza kwangu nawapa swali moja, nao hulisikia mpaka linawachosha: uzito wa gari upo wapi sasa hivi? Kabla ya kupiga jeki, kabla ya kusema bushi (mpira wa kwenye kiungo) imekufa, kabla ya kukaza nati ya mwisho, jibu hilo.

Nitatumia gari ambalo gereji zetu haziliishiwi: Prado ya 1996 hadi 2002, yenye injini ya 1KZ-TE, dizeli ya lita 3.0 yenye tabo. Wengi tunaiita KZJ95 kwa namba ya chesisi. Mbele kila tairi linashikwa na amu mbili, yaani mikono ya chuma, ya juu na ya chini, na springi imevaa shokapu, zote zimekalia amu ya chini. Nyuma ni ekseli moja zima, inashikwa na amu nne za kwenda mbele na fimbo moja ya kukatiza inayoizuia isiende kushoto na kulia. Bloku la injini ni chuma cha kusubu, zito, na lote limeegemea mbele. Gari limeshavuka miaka ishirini, limepita matuta, rasta na barabara za vumbi zilizojikunja kama bati. Mpira wowote ulio chini yake ambao haujawahi kubadilishwa, hesabu kwamba umechoka, hata kama haujaanza kupiga kelele.

Kabla hujaingia chini, panda na mteja mzunguke. Uliza linagonga lini: kwenye tuta, kwenye kona, likishika breki, au ukiingiza gia? Maswali haya yanaokoa hela ya watu. Mlio mmoja mzito wa kugonga unaposhika gia au unapoachia mafuta, mara nyingi si mguu. Angalia maunti, zile raba zinazobeba injini na gia boksi, kisha crosi, viungo vya propela. Dizeli hizi zinatikisika sana zikiwa sailensa, yaani zinanguruma bila kukanyagwa mafuta, na maunti ikishakufa mteja atakuapia kwamba shokapu zimeisha. Na mlio wa kugongagonga kwenye mashimo madogo, ambao unapotea ukikanyaga breki kidogo tu, mguu hauhusiki kabisa; tazama pedi za breki.

Lilikuja moja hivi likiwa limeshabadilishiwa shokapu, stabilaiza linki (fimbo fupi za kuzuia gari lisilale kwenye kona) na tairodi (fimbo za kugeuza tairi), na bado linagonga. Kaliper za mbele, vile vibano vya breki, za Prado hii zina pistoni nne na pedi zinashikiliwa na pini pamoja na springi nyembamba za kuzibana. Aliyebadilisha pedi mara ya mwisho hakuzirudisha zile springi, pengine aliona ni vibati tu. Pedi zilikuwa zinacheza ndani ya kaliper kwa kila shimo. Pini mpya na springi zake, kazi ikaisha, na mteja akabaki anatazama risiti za shokapu alizonunua bila sababu.

Sasa ingia chini. Kagua gari likiwa juu ya matairi yake kwanza, maana hapo ndipo viungo vinafanya kazi. Washa injini ili stelingi iwe laini, mwenzako aicheze kushoto kulia, mwendo mfupi wa haraka, na wewe weka kiganja kwenye kila tairodi na kwenye bushi za raki, kile kifaa cha stelingi kinachosukuma tairodi. Kilicholegea utakisikia mkononi kabla hujakiona: kinapiga kidogo kabla ya kusukuma. Bushi za raki kwenye gari hizi hufa mapema, hasa pale mafuta ya stelingi au oili ya injini inapovujia juu yake. Mpira wa kawaida na mafuta havipatani. Unavimba, unalainika, unageuka uji. Ukifunga bushi mpya chini ya mvujo ule ule, umemfungia mteja kazi ya mwaka ujao. Ziba mvujo kwanza.

Halafu jeki. Hapa ndipo wanafunzi wengi hukosea uzito. Kwa kuwa springi imekalia amu ya chini, ukitaka kupima boljointi ya chini, kiungo chenye kichwa cha duara ndani ya kikombe, weka jeki chini ya amu yenyewe, karibu na tairi, na stendi kwenye chesisi kwa usalama wako. Hapo springi inabaki imekandamizwa na boljointi inapumua, kwa hiyo kama imelika itaonyesha. Ukiinua kwa chesisi, springi inaisukuma amu chini na kiungo kinaweza kukaa kimebanwa, kikakudanganya kwamba ni kizima. Weka mtaimbo chini ya tairi, inua kidogo kidogo, huku mwenzako anatazama pale nako inapokutana na amu. Nako ni lile pande la chuma linaloshika beringi ya tairi. Ukiona mpenyo wowote unaofunguka na kufunga, umepata jibu.

Shika pia tairi juu na chini ulitikise. Likicheza, usitaje kitu bado. Mwambie mwenzako akanyage breki, utikise tena. Mchezo ukiisha ni beringi. Ukibaki ni boljointi. Ukishika kushoto na kulia likacheza, rudi kwenye tairodi na raki.

Boljointi ya chini ya gari hii nataka uiheshimu kuliko kitu kingine chochote mguuni. Ilivyopangwa, uzito wa mbele unakivuta kichwa chake kitoke kwenye kikombe, haukisukumi kirudi ndani. Kwenye baadhi ya magari boljointi ikilika inapiga kelele na kuendelea kukubeba. Hii ikilika sana inachomoka, amu inaanguka, na tairi linalala ubavu chini ya fenda. Ikitokea unarudi nyuma getini, bahati yako. Kwa hiyo raba yake ikipasuka usisubiri mchezo. Vumbi na maji vikishaingia, grisi inageuka msasa. Badilisha, kushoto na kulia pamoja, na bolti zake nne ziwe mpya pia. Mteja akikuambia "funga upande mmoja tu bosi, nyingine mwezi ujao," mwandikie kwenye karatasi kwamba umemshauri, asaini.

Kuhusu spea. Ukienda Gerezani pale Kariakoo au Kirinyaga Road kule Nairobi utapewa bei tatu za kitu kimoja, na boksi zote zinafanana. Jina la 555 linajulikana kwa boljointi na tairodi kutoka Japani, na kwa sababu linajulikana ndiyo maana linaigwa. Usiangalie boksi. Shika kitu chenyewe: boljointi mpya inageuka kwa ugumu ulio sawa pande zote, raba imekaa bila mikunjo, nyuzi za nati ni safi, na namba imechorwa kwenye chuma, haijabandikwa. Mtumba ninaukubali kwa vitu visivyo na mpira wala kikombe, kama nako au amu tupu ambayo haijapinda. Amu ya mtumba yenye bushi ndani yake usidanganyike kuwa ni nafuu; bushi ile ina umri ule ule wa unayoitoa. Springi nunua kwa namba ya chesisi. Za petroli hazibebi injini hii, na kwenye Prado hata kushoto na kulia zinaweza kutofautiana, kwa hiyo soma alama za rangi au namba kabla hujazichanganya sakafuni.

Kufungua kuna mambo machache ya kushika. Bolti za amu ya chini zina kamu, zile washa zenye alama za mistari ambazo mtu wa alaimenti huzizungusha kurekebisha tairi. Piga alama ya patasi au rangi kabla ya kugusa nati. Kwenye gari la umri huu bolti hizo huwa zimeshikana na kutu ndani ya bushi. Zimwagie mafuta ya kulegeza kutu tangu jana yake, na ukubali mapema kwamba nyingine zitakatwa kwa grenda. Mwambie mteja anunue bolti na kamu kabla, si gari likiwa limeshavuliwa. Kutenganisha boljointi, piga nyundo kwenye ubavu wa jicho la chuma linaloishika, nyundo ya pili ikiwa imeegemea upande wa pili. Usipige kichwa cha nyuzi. Kaliper usiiache ining'inie kwa hozi ya breki, ifunge na waya kwenye chesisi, na waya wa ABS (mfumo wa kuzuia tairi lisijifunge kwenye breki) uutoe kwenye klipu zake kabla hujauvuta.

Shokapu ya mbele na springi vinatoka pamoja, na nati ya juu katikati haifunguliwi mpaka springi imebanwa na kibano chake cha skrubu, pande mbili, sawasawa. Nimeona watu wakifunga kamba, wakifunga mnyororo. Springi ile imebeba upande mzima wa injini ya dizeli. Ikichomoka haichagui uso wa fundi wala wa mwanafunzi aliyesimama kutazama. Gereji yako ikiwa haina kibano, kaazime, au peleka kazi kwa mwenye nacho.

Shokapu yenyewe, ile ya kulibonyeza boneti na kuhesabu gari linacheza mara ngapi, kwenye gari zito kama hili haikuambii mengi. Tazama mwili wa shokapu: ukungu mwembamba wa mafuta si kitu, ila mafuta yanayotiririka na kushika vumbi ni mwisho wake. Pitisha kiganja kwenye tairi. Likiwa na mabonde mabonde, linaruka barabarani, na shokapu haishiki. Kubadilisha ni mbili mbili kwa ekseli.

Nyuma wengi wanapapuuza. Mteja atakuambia gari linayumba likipitwa na basi, au mkia unajikata wenyewe kwenye mwendo, na wewe utahangaika na stelingi siku nzima. Kagua bushi za ile fimbo ya kukatiza. Mwenzako asukume bodi kushoto na kulia, wewe tazama ncha zake: fimbo ikisogea kabla ya ekseli, bushi imekwisha. Na kama springi za nyuma zimelala kwa mizigo, usikubali kuchomeka raba katikati ya mizunguko. Gari litanyanyuka, ni kweli, lakini mizunguko miwili imeacha kufanya kazi, na iliyobaki inabeba ya wenzake mpaka mmoja unakatika.

Sasa kukaza, na swali letu linarudi kwa nguvu zake zote. Bushi ya mpira imegandishwa kwenye bomba la ndani na la nje. Bolti inabana bomba la ndani lisigeuke kabisa, na amu inapopanda na kushuka ni mpira unaojisokota. Ukikaza tairi likiwa linaning'inia, umeifundisha bushi kwamba huko chini ndiko nyumbani kwake. Ukishusha gari, inabaki imesokotwa hata likiwa limeegeshwa, na kila tuta linaizidishia. Inapasuka mapema, halafu lawama zote anabeba muuza spea. Kwa hiyo funga bolti zote kwa mkono tu, shusha gari, lisukume mbele na nyuma, libonyeze mara kadhaa likae, ndipo uingie chini ukaze kwa toki renchi kwa kipimo cha kitabu. Kama hakuna shimo la kuingilia wala njia ya kupandishia gari, inua amu kwa jeki mpaka ifike kimo kile kile ulichopima kutoka katikati ya tairi hadi ukingo wa fenda kabla ya kufungua. Bushi za polyurethane, aina ya plastiki ngumu, hazina sharti hili kwa sababu zinateleza juu ya bomba, ila zinataka grisi yake maalumu, na zikikauka zinalia kama mlango.

Nati ya boljointi na tairodi ina meno ya kupitisha kota pini, kile kipini cha kukunja kinachoizuia isifunguke. Shimo lisipolingana, kaza mbele kidogo hadi lilingane. Usirudishe nyuma. Kota pini iwe mpya, si msumari wala waya wa umeme. Na ile shingo nyembamba inayoingia kwenye tundu ipanguse ikauke. Grisi haina kazi hapo.

Kazi ikiisha gari linaenda alaimenti, hata kama umerudisha kamu kwenye alama zako, maana bushi mpya zimelibadilisha kimo. Liende na upepo sahihi na bila magunia nyuma. Nenda nalo mwenyewe mara za kwanza. Kuna watu wa mashine wanaopenda kugusa tairodi tu, wakisawazisha tairi kwa mbele na kuziacha kamu kwa sababu zinasumbua kugeuka. Zako zimesafishwa, zinageuka. Waambie wafungue, na wakikaza wakaze gari likiwa juu ya sahani zao, si kwenye jeki. Chukua karatasi ya vipimo vya kabla na baada, iweke na namba ya gari. Mteja arudi baada ya wiki mbili hivi za barabara ya kawaida, upitishe toki renchi kwenye kila nati uliyoshika, ukianza na zile nne za boljointi.