Picha iliyopauka upande mmoja: usiongeze giza picha nzima

Picha ya harusi ya miaka ya 1980 iliyotundikwa karibu na dirisha haipauki sawasawa. Ukanda uliofichwa na fremu hubaki na rangi zake, upande uliopigwa jua huwa mweupemweupe. Wengi hufungua programu na kuongeza giza kote. Matokeo yake upande ulio salama unakuwa mweusi tii kabla ule uliopauka haujakaa sawa. Rekebisha palipoharibika tu.

Skani kwa dpi 600 (nukta kwa inchi), biti 16 kwa kila chaneli (yaani nyekundu, kijani na bluu), faili la TIFF lisilopoteza ubora, na zima marekebisho ya kiotomatiki ya skana. Ukitumia biti 8, rangi ukizivuta sana zinaacha michirizi ukutani na angani. Picha iliyogandia kioo cha fremu (kwa unyevunyevu wa Dar es Salaam ni kawaida) usiibandue. Iskani na kioo chake.

Sasa tafuta kitu kimoja kilichokatiza pande zote mbili: ukuta, kanzu, suti. Pima kwa kidonoa rangi (kifaa cha programu kinachosoma rangi pale unapobofya), kikiwa kimewekwa kuchukua wastani wa pikseli kadhaa, si moja. Pima sehemu nyeusi, ya kati na nyeupe, kila upande, uandike namba za nyekundu, kijani na bluu, kwa kipimo cha 0 (nyeusi) hadi 255 (nyeupe). Hapa ndipo kazi yote ilipo. Jua huondoa rangi iliyopo, kwa hiyo sehemu nyeupe haina cha kupoteza, ila namba za nyeusi hupanda sana. Suti yenye 30 upande salama inaweza kusoma 95 upande wa pili, huku kola ikiwa karibu sawa pande zote. Ukipunguza kiasi kilekile kila mahali, kola inageuka kijivu.

Fungua kevu (mstari unaouvuta kubadilisha mwanga na giza) kwenye leya yake, yaani tabaka linalokaa juu ya picha. Photoshop ina leya za marekebisho. Kwenye GIMP ya zamani nakili leya ya picha kwanza, ndipo uweke kevu juu ya nakala. Shika ncha nyeupe isisogee, kisha shusha 95 ifike 30, chaneli moja baada ya nyingine, maana rangi hazipauki kwa kasi moja. Kama weupe umeingia umanjano, hilo ni doa, si kupauka. Litengee leya nyingine na uguse chaneli ya bluu.

Halafu maski, yaani kifuniko cha leya: palipo peusi marekebisho hayaonekani, palipo peupe yanaonekana. Kupauka kwa polepole kunataka gradienti, mpito wa taratibu kutoka nyeusi (upande salama) kwenda nyeupe (upande uliopauka). Alama kali ya fremu inataka uchaguzi uliolainishwa ukingoni kwa upana wa alama yenyewe: kwa dpi 600, milimita moja ni pikseli kama 24. Ukilainisha kupita kiasi, unabaki mstari mweusi upande mmoja na mweupe upande wa pili. Kasoro ndogo zimalizie kwa brashi laini, opasiti (nguvu ya rangi) asilimia 10 hadi 20.

Chembechembe nazo zitaongezeka palipovutwa. Zipunguze ndani ya maski hiyohiyo, kidogo tu, nyuso zisije zikafanana na plastiki. Kagua ngozi: nyekundu iwe juu, kijani ifuate, bluu iwe chini. Na msimweupishe bwana harusi kwa kisingizio cha kusafisha picha.

Nyusi au lesi iliyofutika kabisa kwenye karatasi hairudishwi na kevu. Hapo ni kuchora upya, na mwenye picha aulizwe kabla.