Shahada ya sheria pekee haitoshi

Mdogo wangu, umeuliza kwa nini mwenye shahada ya sheria bado apelekwe Law School of Tanzania, shule ya mafunzo ya vitendo kwa wanaotaka kuwa mawakili. Chuoni tulikariri kesi za Waingereza. Nani alitufundisha kuandaa kiapo (ushahidi wa maandishi) kisichoanguka kwa pingamizi la awali, yaani hoja ya kisheria inayotolewa kabla kesi haijasikilizwa, kisa kasoro kwenye sehemu ya uthibitisho, pale mwapaji anapothibitisha maelezo yake? Siku yangu ya kwanza masjala ya mahakama, zinakopokelewa hati za kesi, karani ndiye aliyenionyesha kasoro za hati yangu (nikamshukuru, aibu nikaimeza). Na mtihani wa Law School si mchezo: 2022 waliofaulu moja kwa moja walikuwa 26 kati ya 633. Halafu lugha! Tangu 2021 lugha ya mahakama kisheria ni Kiswahili, sisi tumesomeshwa kwa Kiingereza. Likizo hii tafuta wakili mzoefu, umbebee mafaili.