Kupaka rangi ya seramiki kwenye heda za ekzosi nyumbani

Ndugu, umeuliza kama unaweza kupaka heda zako zilizoshika kutu, yaani mabomba yanayopokea moshi moja kwa moja kutoka kwenye injini, kwa rangi ya seramiki ya kopo, huku nyumbani, bila kuzipeleka karakana. Inawezekana, ila sehemu kubwa ya kazi ni kusafisha, kwa kuwa rangi hii haishiki juu ya kutu wala mafuta, na alama ya kidole chako tu inatosha kuifanya ibanduke.

Zifungue kabisa kutoka kwenye injini. Ukipata fundi wa kupuliza mchanga kwa kompresa, mlipe. Brashi ya waya haifiki kwenye kona ambako mabomba manne hukutana, na ndiko kutu huanzia. Kisha futa kwa asetoni, vaa glavu, wala usizishike tena kwa mkono mtupu.

Pulizia tabaka nyembamba mahali penye hewa, ukivaa barakoa ya kuzuia mvuke, kwani tabaka nene hutoka malengelenge likipata moto.

Rangi kama VHT Flameproof haikomai bila joto: nusu saa kwa nyuzi 121 za Selsiasi, ipoe nusu saa, kisha 204, ipoe tena, halafu 316. Oveni ya jikoni usiiguse, maana mvuke wa rangi hii si wa kukaa na chakula. Badala yake zifunge garini, washa injini dakika 10 ingurume taratibu bila kukanyaga mafuta, ipoe dakika 20, rudia kwa dakika 20, ipoe, kisha endesha nusu saa. Moshi kidogo utauona, usishtuke.