Maswali ya Wasomaji: Chambo cha Mbao Kiogelee Kwanza, Rangi Itafuata

SWALI: Mimi ni fundi seremala hapa Tanga; kazi yangu ya kila siku ni vitanda na makabati. Mjomba wangu ni mvuvi, naye hurambaza nguru na jodari, yaani hukokota mshipi nyuma ya chombo kikiwa kwenye mwendo. Chambo bandia cha dukani ni ghali, na mara nyingi nguru hukata mshipi akaondoka nacho. Nimemchongea vitano kwa masalia ya mninga, nikavipaka rangi hadi majirani wakavisifu, lakini vikivutwa majini vinalala ubavu, na viwili vinazunguka mpaka mshipi unajisokota wote. Nimekosea wapi? — Msomaji, Tanga

JIBU: Ndugu fundi, mkono wako hauna kosa. Ulichokosea ni mpangilio wa kazi, kwa sababu umemaliza kupaka rangi kabla ya kujua kama chambo chenyewe kinaweza kuogelea. Nakuelewa, maana chambo changu cha kwanza kilikuwa kizuri kuliko vyote nilivyochonga baadaye, na kilizunguka kama pia.

Tuanze na mbao. Mninga mkavu una uzito wa takriban kilo 640 kwa mita moja ya ujazo, maana yake ni kwamba kipande chake kikielea, karibu theluthi mbili huwa zimekwisha kuzama. Ukiongeza waya, pete na ndoana mbili zenye ncha tatu, hakuna nafasi inayobaki ya kuweka risasi, ile metali nzito ya kukisawazisha, na chambo kisicho na risasi tumboni hakina kitu cha kukizuia kisipinduke. Ndiyo sababu wachongaji wengi duniani hutumia balsa, mti wa Amerika ya Kusini na Kati ambao mbao yake ina uzito wa kilo 160 hivi kwa ujazo huohuo. Kwa kuwa wewe huipati balsa kirahisi, chukua paina iliyokauka vizuri, yenye nyuzi zilizonyooka na isiyo na vifundo. Msufi pia unafaa kwa wepesi wake, ingawa ni laini mno na hunyonya maji usipouziba barabara. Mninga ubaki kwenye vitanda.

Kata kipande chenye urefu wa sentimita 14, kimo cha sentimita 3 na unene wa sentimita 2. Kabla hujakichonga, kingali na pembe zake nne, piga mstari wa kati juu na chini, kisha kwa msumeno mwembamba pasua mfereji tumboni kuanzia puani hadi mkiani. Mfereji huu ni wa waya. Usithubutu kutegemea skrubu zenye pete zilizokazwa kwenye mbao laini, kwa sababu nguru wa kilo kumi akigeuza kichwa mara moja ataziondoa kama jino bovu. Waya mmoja wa chuma kisichoshika kutu, wenye unene wa milimita 1.5, upite mwilini mzima: ufanye kitanzi puani pa kufungia mshipi, kitanzi tumboni cha ndoana ya kwanza na kitanzi mkiani cha ndoana ya pili. Hapo hata mbao ikipasuka, samaki bado yuko kwenye waya.

Ulimi, yaani kile kibao cha plastiki ngumu au aluminiamu kinachochomoza chini ya pua, ndio unaokitikisa chambo. Maji yanausukuma, chambo kinayumba upande mmoja, risasi ya tumboni inakirudisha, kinayumba upande wa pili, na mchezo huo usiokoma ndio unaomwita samaki hata kabla hajakiona, kwa kuwa samaki huhisi mtikisiko wa maji kwa mstari wa neva ulio ubavuni mwake. Ulimi uliosimama karibu wima hukiweka chambo karibu na uso wa maji, na uliolala kuelekea mbele hukizamisha zaidi. Jambo lisilosameheka ni ulimi uliokaa upande: ukikosea kwa milimita moja tu, chambo hakitakwenda sawa. Chora mkato wake wakati kipande bado kina pembe nne, kwa kutumia ile ile bevu unayotumia kwenye maungio ya makabati.

Sasa risasi. Toboa tundu tumboni, mbele kidogo ya katikati, ujaze kidogo kidogo huku ukijaribu. Chambo kikiwa na ulimi na ndoana zake zote, lakini hakijapakwa chochote isipokuwa koti moja jembamba la vanishi, kitie kwenye pipa la maji. Kinatakiwa kielee mgongo ukiwa juu, na ukikilaza kwa kidole kijiinue chenyewe mara moja. Kikisitasita, ongeza risasi. Kisha kifunge kwenye mshipi, uende gatini, ukivute ukitembea kwa haraka. Kikizunguka, ama risasi ni kidogo ama ulimi ni mpana mno, basi upunguze kwa tupa. Kikikimbilia kushoto, pinda kitanzi cha puani kidogo sana kuelekea kulia, na kinyume chake. Kikishatulia ndipo uimarishe waya na risasi kwa gundi ya epoksi na kuuziba mfereji. Ukiyeyusha risasi, fanya kazi hiyo nje penye upepo, na sufuria yake isirudi jikoni kamwe.

Kuhusu mshipi kukatwa, hilo ni meno ya nguru wala si chambo chako. Mjomba atangulize kipande cha waya mbele ya chambo.

Na ukitaka kujua kwamba haya hayakuanza na viwanda, Lauri Rapala wa Finland, ambaye jina lake limechapishwa kwenye chambo nyingi za dukani, alikuwa mvuvi wa kawaida aliyeona kwamba samaki wakubwa humchagua yule mdogo anayeyumba kati ya kundi. Katika miaka ya 1930 alichonga chambo chake kwa kisu na msasa kutoka kwenye gome la koki, akakifunga kwa karatasi ya rangi ya fedha ya kufungia chokoleti, na kwa kukosa vanishi akayeyusha filamu za picha kukifunika.

SWALI: Hapa Mwanza navua sangara kwa chambo nilivyochonga mwenyewe, na vinaogelea vizuri. Shida ni rangi. Nilipaka rangi ya mafuta, na kesho yake nikapulizia vanishi ya kopo, rangi ikakunjamana kama ngozi ya maziwa. Nilivyovipaka upya vimeanza kubanduka tumboni baada ya siku mbili ziwani. — Msomaji, Mwanza

JIBU: Haya ni magonjwa mawili. La kwanza ni la haraka: rangi ya mafuta hukauka juu siku hiyohiyo, lakini ndani hubaki mbichi kwa siku nyingi, na kiyeyushi kikali kilichomo kwenye vanishi ya kupulizia hupenya na kuiumua. Ama usubiri wiki mbili, ama utumie rangi ya maji chini na vanishi juu, njia ambayo mimi naipendelea.

Ugonjwa wa pili huanzia kwenye mbao. Ndoana zinaponing'inia hukwaruza tumbo kila chambo kinapoyumba, maji huingia kwenye mkwaruzo na kwenye matundu ya waya, mbao huvimba, na rangi haina budi kupasuka. Kwa hiyo ziba mbao kabla ya kila kitu. Changanya vanishi na tina (kile kiyeyushi cha rangi) nusu kwa nusu, kitumbukize chambo kizima, matundu na mkato wa ulimi vikiwamo, ukitundike kikauke, piga msasa namba 400 kwa mkono mwepesi, urudie mara tatu. Ndipo praima nyeupe, yaani rangi ya msingi, ifuate, kwa kuwa juu ya mbao tupu rangi zote hufifia.

Kwa magamba, nyoosha kipande cha chandarua cha zamani juu ya ubavu, ukibane kwa vibanio vya nguo, upulizie rangi ya fedha, kisha ukiondoe taratibu bila kukiburuta. Mgongo uwe na giza na tumbo liwe jeupe, kama samaki mwenyewe alivyo. Mwisho paka epoksi ya mikebe miwili, ukikigeuzageuza chambo hadi ishike ili isichuruzike upande mmoja. Usiifanye kazi hii siku ya mvua au alfajiri yenye unyevu, maana epoksi na vanishi hugeuka ukungu mweupe usioondoka kirahisi.

SWALI: Rangi ipi inamvutia nguru zaidi? — Msomaji, Lamu

JIBU: Ile utakayoivuta kwa mwendo unaofaa. Rangi nyingi zinazouzwa zimekusudiwa kumnasa mnunuzi. Wekundu ndio rangi ya kwanza kupotea majini, na kwenye kina cha mita kumi chambo chekundu huonekana cheusi tu, kwa hiyo usihangaike nacho. Kwa maji maangavu ya bahari, fedha yenye mgongo wa buluu inatosha, kwa kuwa ndivyo walivyo vibua na wale samaki wadogo waitwao simu anaowala. Alfajiri na magharibi, au mto unapomwaga tope, jaribu cheusi kitupu, kwa sababu samaki akitazama juu huona kivuli chake dhidi ya anga. Jicho lakini usilisahau: chovya kichwa cha msumari kwenye rangi nyeupe, ugonge mara moja kila upande, na ikikauka ufuate kwa msumari mdogo wenye nyeusi.